Ng'ombe wa Nashipai na Tanuru la Ghalani

Vijana mnaoanza Ghalani mwaka huu, mwalimu wenu amenifuata nyumbani mara mbili akitaka niwaandikie juu ya kazi ya tanuru. Anasema vitabu alivyo navyo vinaeleza matanuru ya umeme na ya gesi, na lenu bado linakula kuni. Nimekubali. Ila nimemwambia kwamba nikiandika nitaandika yote, pamoja na jambo ambalo halimo kwenye mafaili ya chuo. Kama hataki, asichukue. Amesema atachukua.

Nianze na kioo. Kabla hamjaongeza moto asubuhi, chukueni kipande cha kioo cha kujitazamia, mkishike mbele ya tundu la kuchungulia, mhesabu mpaka kumi. Kikiingia ukungu, vyombo bado vina maji, na mwenye haraka atavipasua vyote. Kikibaki kikavu, ongezeni kuni. Hilo sikufundishwa na mtu mwenye shahada. Nilifundishwa na Mama Semeni, mwanamke wa Ruhembe ambaye kwenye orodha ya wafanyakazi aliandikwa maneno mawili tu: kibarua, udongo.

Mimi nilikuwa na cheti. Cheti cha boila. Nilikuwa nachochea boila kwenye shamba moja la mkonge upande wa Kimamba, kama baba yangu alivyochochea moto wa garimoshi kabla yangu. Shamba lilipofungwa tukatawanyika kila mtu na lake. Nikasikia serikali imelichukua ghala la zamani la mkonge pale kando ya reli ya Kilosa, inafungua shule ya sanaa, na inatafuta fundi wa moto. Nikaenda na cheti changu kwenye bahasha. Mkuu wa chuo, Mwalimu Mkude, alikisoma pande zote mbili, akanipa mkono na kazi siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza nikawasha tanuru kama boila. Nilijaza kuni hadi mlangoni, nikasimama pembeni nikijisifu moyoni. Haukupita muda tukaanza kusikia ndani milio kama bisi kwenye sufuria. Vyungu vya darasa zima vilikwenda. Mama Semeni alikuwa amekaa kwenye kigoda akiponda udongo. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, kisha akaniambia, "Mwanangu, kule ulikuwa unachemsha maji. Huku tunayaondoa. Kaa hapa, anza upya."

Nikakaa. Nilikaa karibu yake miaka sita.

Mama Semeni alijifunza ufinyanzi kwa mama yake kule milimani juu ya Kidodi. Akaolewa Ruhembe, na kwa miaka mingi vyungu na mitungi yake ndiyo iliyokuwa ikinunuliwa na watu wa mashamba ya miwa. Kisha ikaja ile miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, na ndoo za plastiki zikafika hadi vijijini. Ndoo haivunjiki, ni nyepesi, ina rangi. Alisema msimu mmoja alipeleka mitungi sokoni akarudi nayo yote kichwani. Ndipo akaja Ghalani kuomba kazi yoyote. Wakampa kukanyaga udongo.

Ghalani yenyewe wakati ule ilikuwa kitu kigeni kwetu. Nusu ya ghala ilikuwa madarasa. Nusu ya pili, kule paa linakoinuka, ilikuwa ukumbi wa maonyesho, na Mwalimu Mkude alitaka mambo mapya, kazi za wakati wetu. Siku za mnada watu walikuwa wakipita kuchungulia. Mwanafunzi mmoja aliwahi kutundika mashati ya mitumba kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, mamia kwa mamia, ndiyo kazi yake ya kumalizia masomo. Baba mmoja kutoka Kilangali akaingia, akazunguka, akashika shati la bluu, akamwuliza mwanafunzi, "Hili lina namba ngapi?" Mwanafunzi alianza kumweleza maana ya kazi. Yule baba akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akasema, "Nimekuelewa, kijana wangu. Sasa, namba ngapi?"

Na hoteli moja ya Mikumi ilipoanza kutaka twiga wa udongo wa kuwauzia watalii, twiga walitutesa. Shingo zinakatika. Tulichoma twiga wa kutosha kujaza mbuga, tukatoa vichwa upande huu na viwiliwili upande ule. Mama Semeni akawaambia wanafunzi wawafinyange twiga waliolala, shingo imeegemea mgongo. Meneja wa hoteli alisema hajawahi kuona twiga wa hivyo. Wakaisha kabla ya mwezi.

Nayaandika haya kwa sababu nayakumbuka kwa furaha. Yanayofuata siyakumbuki hivyo.

Alikuwapo mwanafunzi aitwaye Nashipai, binti wa wafugaji wa nyanda za Mkata. Alikuja kwetu mwembamba, mkimya, na hakuna mtu wa kwao aliyeelewa anasomea nini. Mwaka wake wa mwisho akaamua kufinyanga ng'ombe wa baba yake. Ndigana, ile homa ya kupe, ilikuwa imeingia kwenye zizi lao kiangazi kimoja ikawamaliza karibu wote. Nashipai alikuwa mdogo lakini aliwakumbuka: aliyekuwa na pembe moja chini, aliyechanwa sikio, ng'ombe jike aliyekuwa akimfuata kama mbwa. Akawafinyanga arobaini, kila mmoja urefu wa mkono toka vidole hadi kiwiko. Udongo waliukanyaga yeye na Mama Semeni pamoja, wakachanganya chenga za vigae vilivyopondwa ili usipasuke. Kazi ile ilichukua miezi minne. Na ndiyo iliyokuwa imsimamishe mbele ya wasahihishaji apate stashahada yake.

Tuliwasha Jumatano alfajiri. Siku nzima moto ulikwenda vizuri ambavyo sijapata kuona. Tulimalizia na nguzo kavu za mkonge, zinazotoa mwali mrefu, mpaka ndani kukawa na rangi ya chungwa lililoiva, kisha tukaziba kila tundu kwa udongo. Jioni ile ikaja habari kutoka Ruhembe kwamba shemeji yake Mama Semeni amefariki. Akafunga kitambaa kichwani, akapanda lori la kwenda Mikumi. Kabla hajapanda aliniambia, "Idrisa, tanuru lipoe siku mbili kamili. Weka kiganja kwenye matofali ya mlango. Kama huwezi kukiacha pale huku unasalimiana na mtu, usifungue. Nitarudi kesho kutwa jioni. Tutafungua pamoja Jumamosi."

"Nimekuelewa, Mama," nikasema.

Alhamisi mchana Mwalimu Mkude alikuja mbio uani. Maonyesho yalipangwa Jumamosi jioni, sasa wageni wakubwa wametuma ujumbe kwamba watapita Ijumaa. Alikuwamo ofisa kutoka wizarani na yule mwekezaji aliyekuwa anaijenga upya hoteli ya Mikumi. Siku zile neno lililokuwa midomoni mwa watu wote lilikuwa kupunguza. Viwanda vilipunguza wafanyakazi, reli ilipunguza, na tulijua na sisi tunaangaliwa. Mwalimu akaniuliza, "Idrisa, kesho saa mbili asubuhi ng'ombe wale wanaweza kuwa nje?"

Vijana, hakunilazimisha. Aliniuliza. Ningesema haiwezekani, angeguna akaondoka. Lakini mimi nilikuwa fundi mwenye cheti, na nilipenda kuitwa fundi. Nikasema, "Watakuwa nje, Mwalimu."

Alipoondoka niliweka kiganja kwenye matofali. Nikakitoa kabla sijavuta pumzi.

Nikajiambia nitatoa matofali matatu tu, ya juu, lipumue kidogo. Nikayatoa. Hewa ikaingia ikivuma kwa sauti ndogo. Kisha nikasikia, tin. Kimya. Tin. Kama tone la kwanza la mvua kwenye bati. Nilijua kabisa kinachotokea, nikayarudisha matofali kwa koleo, nikapaka udongo. Ndani iliendelea. Nilikaa chini mgongo wangu umeelekea tanuru mpaka jua likashuka, na sauti ile haikuwa imekoma.

Ijumaa asubuhi tulifungua. Kati ya ng'ombe arobaini, watatu walikuwa wazima. Wengine walikuwa vipande: vichwa, nundu, miguu, mbavu. Nashipai alipiga magoti pale mlangoni akaanza kuwatoa mmoja mmoja, akiwapanga juu ya gunia, kila kichwa na kiwiliwili chake. Hakulia. Afadhali angelia.

Mwalimu Mkude alisimama nyuma yetu. "Imekuwaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu: nilifungua mapema, Mwalimu. Badala yake nikasema, "Labda udongo, Mwalimu. Nadhani chenga hazikutosha."

Nashipai aliinua uso akanitazama. Yeye ndiye aliyeupima ule udongo na Mama Semeni, debe kwa debe. Binti wa kwao hamkatizi mtu mzima mbele ya watu.

Mwalimu alitaka kumwandikia barua aongezewe muda. Nashipai akakataa. Aliomba gari la mkono, akawabeba mpaka ukumbini, akawalaza sakafuni jinsi walivyotoka. Wale watatu wazima akawasimamisha mbali, kila mmoja peke yake. Alifagia sakafu iliyobaki ikawa nyeupe. Basi.

Wageni walikuja. Waliingia wakizungumza, na wote wakasimama mlangoni. Ofisa wa wizara alivua kofia. Walizunguka kando ya kuta, hakuna aliyekanyaga katikati.

Kisha akaingia baba yake Nashipai. Alikuwa ametembea kutoka Mkata na fimbo yake na shuka lake, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia jengo lile. Yeye hakupita ukutani. Aliingia katikati, anaweka mguu taratibu kati ya vipande, akafika kwa mmoja akachutama, akagusa pembe iliyokuwa imeelekea chini. Akasema jina. Akainuka, akaenda kwa mwingine, akasema jina. Alifanya hivyo kwa wengi, kwa lugha yao, kwa sauti ya mtu anayeita zizini. Alipofika kwa yule jike akamtazama binti yake na kumwambia kitu kifupi. Nashipai ndipo alipolia. Baadaye nilimwuliza Nashipai baba yake alisema nini. Aliniambia: "Alisema, kumbe na wewe uliwaona."

Wasahihishaji walimpa alama za juu kuliko mwanafunzi yeyote wa mwaka ule. Ofisa alimpongeza Mwalimu Mkude, na Mwalimu akanipongeza mimi, akisema wakati mwingine bahati mbaya hujua sanaa kutuzidi. Watu walinipa mkono. Niliupokea kila mkono ulioletwa. Hapo ndipo ninapowaomba msome polepole: kosa langu liliishia kusifiwa, na kwa kuwa lilisifiwa, nikaona halihitaji tena kuelezwa.

Mama Semeni alirudi jioni ile. Jumamosi asubuhi nikamkuta uani, amekaa kwenye kigoda chake na kipande cha mgongo wa ng'ombe mkononi. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wake.

"Shikamoo, Mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa." Aliendelea kukigusa kipande. "Kinachopasuka kwa udongo mbaya hupasuka moto unapopanda, na ukingo wake huwa umechakaa, umekula moshi. Huu ni safi kama wembe. Hiki kilipasuka kimeshaiva. Kilipigwa baridi." Akaniangalia. "Ulifungua lini?"

Nikashika ufagio nikaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

Alikwenda mwenyewe ofisini. Muda si mrefu nikaitwa. Mwalimu Mkude alikuwa nyuma ya meza, Mama Semeni amesimama. Hakuna aliyekuwa amemwambia akae.

"Idrisa," Mwalimu akasema, "Mama anadai tanuru lilifunguliwa kabla ya wakati. Wewe ndiye fundi. Ni kweli?"

"Si kweli, Mwalimu," nikasema. Safari hii hakukuwa na labda.

Mwalimu akafungua mikono yake kama mtu aliyemaliza kazi. "Mama, tusilaumiane. Fundi ana cheti chake."

Cheti changu, vijana, kilikuwa cha boila. Sote watatu tulijua.

Mama Semeni alinitazama kwa muda, si kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama chombo kilichotoka tanuruni akitafuta ufa. Kisha akatoka.

Orodha ya kupunguzwa ilikuja baada ya mavuno. Kwenye kitengo cha ufinyanzi alitakiwa kuondoka mtu mmoja. Walimwondoa yeye. Labda wangemwondoa tu, maana hakuwa na karatasi yoyote. Nimejiambia hivyo mara nyingi sana. Lakini kwenye barua yake waliandika habari ya ubora wa udongo, na maneno hayo hayakutoka kwa mtu mwingine ila mimi. Alikunja barua, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaniachia kigoda na kipande cha kioo, akaenda kupanda basi la Mikumi. Nilimsindikiza hadi getini. Nilikuwa nimepanga kumwambia pale. Nikamwambia safari njema.

Niliendelea na kazi. Nilichoma vizuri, siwadanganyi, maana kila nilichofanya kilikuwa cha kwake. Mara mbili nilikwenda hadi kwenye mlango wa ofisi ya Mwalimu Mkude nikarudi. Mara ya tatu nikakuta amestaafu, na kwenye kiti amekaa mtu asiyejua lolote.

Kisha Nashipai akarudi Ghalani, safari hii mwalimu wa ufinyanzi. Wiki yake ya kwanza alileta wanafunzi wapya uani, kama kumi na tano hivi, akawapanga mbele ya tanuru. Akaniamkia, "Shikamoo, Baba Idrisa." Nikaitikia. Akasema, "Naomba uwaeleze hawa kwa nini hatufungui tanuru mapema."

Angeweza kuwaeleza mwenyewe. Aliniangalia kama siku ile alipokuwa amepiga magoti, ila sasa hakuwa mtoto wa mtu yeyote pale, alikuwa mwalimu, na alikuwa amesubiri miaka.

Nikaanza na hewa baridi na vyombo vya moto. Nikasimama. Halafu nikaeleza yote. Alhamisi, matofali matatu, neno nililosema mlangoni, neno nililorudia ofisini, barua. Nilieleza nikiwa nimeangalia chini. Nilipomaliza, msichana mmoja, wa Dumila nadhani, akauliza, "Huyo mama yu hai?"

"Yu hai."

"Anaishi wapi?"

"Ruhembe."

"Umeshakwenda?"

Nikasema, "Bado."

"Basi twende," akasema, kama mtu anayezungumzia kwenda dukani.

Tulikwenda likizo ya kwanza, Nashipai, wanafunzi saba, na mimi. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa barabara ya miwa. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda, lakini uani kulikuwa na vyungu vibichi chini ya kivuli vimefunikwa magunia. Nikamwamkia. Akaitikia. Alimkumbatia Nashipai kwa muda mrefu, akawauliza vijana majina mmoja mmoja, akawapa maji. Mimi nilisimama.

"Mama," nikasema, "nilifungua Alhamisi mchana. Nikasema uongo mara mbili. Nimekuja kukuambia."

"Umechelewa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuwa na wajukuu wanne wanasoma wakati ule. Wawili waliacha." Alisema taratibu, bila kuinua sauti. Akageuka akawaambia vijana wavue viatu, udongo upo kwenye shimo, wakaukanyage, waone mguu unavyojua kokoto kabla ya mkono. Wakavua. Kisha akanitazama mimi, na viatu vyangu vya kazi.

"Na wewe."

Nikavua. Nikaingia shimoni pamoja na wale watoto, tukashikana mabega, tukakanyaga. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Baada ya siku ile wanafunzi wa Ghalani walikuwa wakienda Ruhembe kila likizo, na chuo kikaja kulikubali jambo hilo na kuliandika kuwa sehemu ya masomo. Nami nilikwenda nao kila mara hadi alipotutoka. Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza.

Ila siku ile ya kwanza, tukiwa shimoni, jirani yake alipita na mzigo wa majani ya miwa. Akawashangaa wale vijana, akanishangaa mimi zaidi, mzee na suruali imekunjwa hadi magotini. Akauliza, "Mama Semeni, hawa vijana sawa, na huyu naye ni nani?"

Mama Semeni hakuacha kufinyanga.

"Mwanafunzi," akasema. "Huyu ni mgumu kidogo."